Siku Sitini

Kila mwaka, likizo ndefu ya chuo inapokaribia, hunijia ofisini vijana wawili watatu wanaosoma sheria, wakitaka niwaandikie barua ya kuombea nafasi ya mafunzo ya kazi. Wengi hutaka kwenda kwa mawakili wa makampuni, na siwalaumu. Mara moja moja hutokea mmoja anayetaka kwenda serikalini, upande wa sheria za mazingira, na huyo ndiye huniuliza swali ambalo wenzake hawaulizi: "Mzee, wewe ulijifunza nini huko?" Humjibu kwa ufupi kwamba nilijifunza kuandika dokezo. Hucheka, akidhani ni mzaha. Jibu refu sijapata kumpa mtu, na ndilo hili.

Nililelewa Tabata. Anayeijua Tabata ya leo, yenye maghorofa na foleni za magari, hataamini nikimwambia kwamba katika miaka ya themanini sifa yetu kubwa mjini ilikuwa ni jalala. Taka za Dar es Salaam zilimwagwa kwetu, zikachomwa au zikawaka zenyewe, na moshi wake haukuwa na saa maalumu. Shati jeupe la shule ukilianika asubuhi, uliliaunua jioni lina rangi ya chai ya maziwa. Nzi nao walikuwa wengi hata mgeni aliyekaribishwa chakula alikula kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wakazi wenzake walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji. Ndio mwaka ambao haki za binadamu, zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, zilianza kudaiwa mahakamani. Wakazi walishinda. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa, ikaomba tena. Mwishowe Jaji Lugakingira alikataa kuongeza, akaeleza kwamba kuwavutisha watu moshi wa namna ile ni kuigusa haki yao ya kuishi, iliyomo katika Ibara ya 14. Mwaka 1991 malori yakahamia Kunduchi Mtongani, na huko nako Festo Balegele na wenzake 794 wakashtaki, wakashinda.

Mama hakuwa miongoni mwa wadai. Alikuwa na meza ya vitumbua kando ya barabara, na mtu wa vitumbua hana nafasi ya kesi. Lakini siku mbili hakukaanga. Alivaa gauni lake la kanisani, akapanda basi hadi mjini, akakaa kwenye benchi la Mahakama Kuu akisikiliza. Shauri liliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Mama alijua maneno yake matatu tu. Haidhuru. Kwa miaka mingi baadaye alipenda kusimulia: "Nilikaa benchi la pili. Jaji aliniona." Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na nadhani ndipo nilipoamua kusoma sheria, ingawa wakati ule nilisema nataka kuwa rubani.

Nilikwenda Marekani mwaka 1993 kwa ufadhili wa masomo, na mwaka 1997 nikaingia chuo cha sheria. Kule sheria husomwa miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na kati ya mwaka na mwaka kuna likizo ya kiangazi, tangu katikati ya Mei hadi Agosti. Usidhani, msomaji, kwamba likizo hiyo ni ya kupumzika. Ndio wakati mwanafunzi anapokwenda kuonja kazi, na pale alipoonja mara nyingi ndipo atakapoajiriwa. Wenzangu waliopata nafasi katika makampuni makubwa ya mawakili walilipwa kwa wiki moja fedha ambazo Mama hakupata kuzishika kwa mwaka. Serikalini hali ilikuwa nyingine. Ofisi nyingi hazikulipa kitu. Zilitoa meza, kiti, na mwishoni barua ya shukrani. Na bado waombaji walikuwa wengi kuliko viti.

Jambo hilo lilinikera na linanikera hadi leo. Serikali inayotafuta watetezi wa mito na hewa hujikuta ikichagua kutoka kwa wale ambao wazazi wao wanaweza kuwalipia chumba na chakula kwa miezi mitatu. Mtoto aliyekulia kando ya bomba la kiwanda, ambaye angeyatambua maji yale kwa harufu, yuko dukani anauza viatu ili apate ada. Mimi niliokolewa na mfuko wa wanafunzi wenyewe. Kila mwaka walifanya mnada, mwalimu huyu akijitolea kupika chakula cha watu wanane, mwingine akitoa baiskeli yake ya zamani, na fedha zilizopatikana waligawiwa waliokwenda kufanya kazi ya umma bila malipo. Nilipata dola 2,500. Nilipanga chumba cha juu kabisa, chini ya paa, nikala mkate na siagi ya karanga, nikashukuru.

Nafasi za Serikali ya Shirikisho nilizoziona zilitaka raia, nami sikuwa raia. Jimbo moja halikujali. Sitalitaja, kwa kuwa walionipokea walinitendea wema, na ninayotaka kusimulia si ya wema mtupu. Nilipangiwa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, kitengo cha mazingira, kwa wiki kumi na moja za kiangazi cha mwaka 1998. Mkuu wangu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Siku ya kwanza alinitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi yao. Nilishindwa. Mtu wa rika la shangazi yangu nimwite kama mwenzangu wa kucheza mpira! Kwa wiki zote kumi na moja nilipanga sentensi zangu zisihitaji jina.

Sheria tuliyoishi nayo pale ilikuwa Sheria ya Maji Safi ya 1972. Miaka mitatu kabla yake, mwezi Juni 1969, Mto Cuyahoga upitao Cleveland katika jimbo la Ohio ulishika moto kwa wingi wa mafuta na taka zilizoelea juu yake. Wala haikuwa mara ya kwanza mto huo kuwaka. Habari hiyo ilizagaa nchi nzima na watu wakachoka. Sheria iliyotungwa ina wazo moja rahisi: hakuna ruhusa ya kumwaga uchafu mtoni kwa bomba bila kibali, na kibali kina tarakimu. Zinki kiasi hiki, nikeli kiasi hiki, joto lisizidi hapa. Kisha likaongezwa jambo ambalo lilinistaajabisha: kiwanda chenyewe ndicho huchota sampuli, huipima, huandika matokeo katika fomu, mkubwa wake hutia saini, na fomu hupelekwa serikalini. Maana yake mdaiwa huandika ushahidi dhidi yake mwenyewe kwa mkono wake. Akidanganya, amefanya kosa la jinai. Akisema kweli, amekiri. Nilikumbuka Tabata, ambako ushahidi wetu ulikuwa macho mekundu na shati la shule, nikaona kwamba wenzetu wametuacha mbali.

Wiki tatu za kwanza sikufanya kingine ila kusoma fomu hizo. Anayedhani sheria ya mazingira ni hotuba juu ya misitu na tembo ningependa angekuwa nami katika chumba kile kisicho na dirisha, nikiwa na rula na kalamu nyekundu, nikishuka na safu za tarakimu za miaka mitano. Kiwanda nilichopewa kilikuwa cha kupaka nikeli na kromi kwenye vyuma, mabomba ya bafuni na vipuri vya magari, na maji yake yalitoka kwenye bomba moja kuingia katika kijito. Nilikuta makosa 211. Kwa sheria ile faini ilikuwa hadi dola 25,000 kwa siku kwa kila kosa, na tangu 1997 ilipandishwa kuwa 27,500 kufidia kupanda kwa bei. Nilizidisha kwa kalkuleta ya mezani, nikapata mamilioni. Mkuu wangu aliitazama hesabu yangu akatabasamu. "Hizo ni fedha za karatasi," alisema. "Hakuna jaji atakayezitoa, lakini ni vizuri wajue zipo."

Katikati ya Juni alinituma niende na wakaguzi wawili hadi kwenye kijito chenyewe. Nilijifunza mengi siku hiyo kuliko kwa muhula mzima darasani. Chupa za sampuli zilikuja zimeoshwa maabara. Nyingine zilikuwa tayari na matone ya asidi ndani yake, kwa ajili ya metali. Mkaguzi alivaa glavu mpya kwa kila chupa. Alijaza, akafunga, akabandika karatasi yenye tarehe, saa, mahali na jina lake, akapitisha utepe wa lakiri juu ya kifuniko, akaitia katika sanduku la barafu. Kisha kila aliyelishika sanduku lile, hadi maabara, ilimpasa kuandika jina lake na saa aliyolipokea. Mkono mmoja ukikosekana katika orodha hiyo, wakili wa upande wa pili atauliza sanduku lilikuwa wapi kati ya saa saba na saa nane, na kesi yote itamwagika kama maji ya chupa. Mkaguzi yule alikuwa mzee, hakusoma sheria hata siku moja, lakini sijapata kuona wakili mwangalifu kama yeye.

Tulipokuwa tukifunga vifaa, mwanamke mmoja alishuka kutoka nyumba za upande wa pili akiwa na mbwa. Alikuwa mtu mzima, amevaa viatu vya bustanini. Alitusalimu, akauliza sisi ni wa nani, mkaguzi akamwambia. Akaitazama saa yake. "Leo ni Jumatano, saa nne za asubuhi," alisema. "Mnakuja siku zote saa kama hizi. Njooni Jumamosi usiku." Akaeleza kwamba usiku wa Jumamosi kijito hubadilika rangi na kutoa harufu kama ya kiberiti kilichozimwa, na kwamba watoto wa mtaa huvuka pale pale chini ya bomba, kwa sababu daraja liko mbali. Kisha akanigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa nimevaa tai, akaniuliza: "Mtatusaidia?" Nilimjibu kwamba tunafanya kila liwezekanalo. Ni jibu la serikali, na nilishangaa jinsi lilivyonitoka kwa urahisi.

Nilichokuwa nakijua, na ambacho sikuweza kumwambia, ni kwamba barua yao ilikuwa juu ya meza yetu. Hapa nieleze kidogo. Watunzi wa sheria ile walijua kwamba serikali huchoka, huogopa, na wakati mwingine hula sahani moja na wenye viwanda. Kwa hiyo waliwapa raia haki ya kwenda wenyewe mahakamani kudai kibali kiheshimiwe. Ila kwanza ni lazima watoe taarifa kwa maandishi, kwa serikali kuu, kwa jimbo na kwa kiwanda, na wangoje siku sitini. Katika siku hizo sitini jimbo likishtaki lenyewe, na likaliendesha shauri kwa bidii, raia hawana tena nafasi. Mlango wao unafungwa. Mantiki yake naikubali. Kiwanda kimoja kisishtakiwe mara mbili kwa bomba moja. Wakazi wa kijito kile, kaya arobaini na kitu, walikuwa wametoa taarifa mwanzoni mwa Juni.

Siku ya thelathini na tatu alikuja wakili wa kiwanda. Alikuwa mpole, mchangamfu, aliniuliza habari za Serengeti. Mteja wake, alisema, alikuwa tayari kumalizana na jimbo. Jimbo lifungue shauri katika mahakama ya jimbo, siku hiyo hiyo pande mbili zipeleke hati ya maafikiano, faini iwe dola 60,000, mtambo mpya wa kusafishia maji ujengwe, na yaishe. Alikuwa amekuja na rasimu, imeshachapwa, katika disketi. Alipoondoka, mkuu wangu alinikabidhi disketi ile akanipa kazi: niandike dokezo la kisheria, jimbo likishtaki na kusuluhisha kwa namna hii, je, mahakama itaona ni bidii ya kutosha kuwazuia wakazi? "Andika pande zote mbili," alisema.

Nilikesha maktaba siku nne. Nilikuta hukumu ya mwaka 1995 kutoka South Carolina iliyonisisimua nywele. Kampuni iitwayo Laidlaw ilikuwa ikimwaga zebaki katika Mto North Tyger kupita kiasi cha kibali chake. Raia walipotoa taarifa yao mwaka 1992, kampuni ililiomba jimbo liishtaki. Wakili wa kampuni ndiye aliyeandika hati ya madai dhidi ya mteja wake mwenyewe, na kampuni ndiyo iliyolipa ada ya kufungulia shauri. Suluhu ilifikiwa siku ya mwisho kabla ya muda wa raia kutimia: faini dola 100,000, na ahadi ya kujitahidi. Jaji wa Shirikisho alisema hiyo si bidii, akawaruhusu raia waendelee. Jambo mojawapo aliloliona ni kwamba jimbo halikuhesabu hata kidogo kampuni imefaidika kiasi gani kwa kuchelewa kutii sheria.

Niliandika dokezo langu la kwanza kwa hasira. Lilikuwa kurasa kumi na nne. Nilieleza mfano wa Laidlaw, nikalinganisha disketi kwa disketi. Na mwishoni niliweka aya moja ambayo bado naikumbuka. Nilisema kwamba hata kama sheria hailazimishi, jimbo liwaite wakazi kabla ya kutia saini, liwasomee rasimu, liwasikilize. Nikaandika habari ya Jumamosi usiku na ya watoto wanaovuka chini ya bomba. Niliongeza kwamba shauri kama hilo likifunguliwa katika mahakama ya Shirikisho, sheria inawapa raia haki ya kuingia humo wakitaka, lakini katika mahakama ya jimbo haiwapi haki hiyo, na bila shaka ndiyo sababu wakili yule mchangamfu aliichagua ya jimbo. Nikamalizia na Tabata. Naam, niliweka Tabata katika dokezo la ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Marekani.

Lilirudi kesho yake limejaa wino. Pembeni ya aya ile mkuu wangu alikuwa ameandika: hii ni hotuba, mimi nataka dokezo. Aliniita, akanikalisha, akanieleza bila ukali kwamba mteja wetu ni jimbo, si wakazi. Kwamba wakili wa serikali anayeandika kana kwamba anawatetea jirani zake hamsaidii yeyote, maana dokezo lake halitasomwa na wakubwa hadi ukurasa wa pili. "Una jambo la kweli humu ndani," alisema. "Lipe tarakimu."

Alikuwa na haki, na hapo ndipo penye utata wote wa habari hii. Nililiandika upya kwa kurasa tano. EPA, yaani Shirika la Kulinda Mazingira la Serikali ya Shirikisho, lilikuwa na programu ya kompyuta iitwayo BEN, ya kukokotoa faida anayoipata mwenye kiwanda kwa kuahirisha gharama za kutii sheria. Niliingiza bei ya mtambo wa kusafishia maji, miaka minne ya kuchelewa, gharama za kuuendesha ambazo hawakuzilipa. Jibu lilikuwa dola 143,000. Kwa hiyo faini ya 60,000 ilikuwa zawadi. Kiwanda kingelipa na kubaki na fedha mfukoni, na jaji yeyote aliyesoma hukumu ya South Carolina angeliona hilo. Nilishauri kwamba jimbo liandike hati yake lenyewe, lisitumie disketi. Faini izidi faida. Mtambo uwe na tarehe, na adhabu kwa kila siku ya kuchelewa. Ndivyo, nilisema, suluhu itakavyosimama.

Aya ya mwisho niliifuta. Hakuna aliyenilazimisha kuifuta yote. Alama ya wino ilikuwa juu ya Tabata na juu ya maneno yangu makali; Jumamosi usiku haikuguswa. Ningeweza kuiweka katika mistari miwili, kama tarakimu: siku, saa, mahali. Lakini nilikwisha kuonja aibu ya kuambiwa nimetoa hotuba, na nilitaka dokezo langu liwe safi. Niliifuta nikahifadhi faili, nikaenda kula.

Dokezo lile lilisifiwa. Lilikwenda hadi juu. Wakili wa kiwanda alirudi mara mbili, mara ya pili hakuniuliza Serengeti. Walikubaliana dola 165,000, mtambo ukamilike katika miezi kumi na minne, na sampuli zichukuliwe kila wiki, siku ya Jumanne au Jumatano, saa za kazi. Nilipousoma mstari huo wa mwisho moyo ulinipiga, lakini rasimu ilikuwa imeshazunguka meza sita na ilikuwa siku ya hamsini na tano. Nilimtajia mkuu wangu kwa mdomo. Alivua miwani. "Kwa nini haikuwa kwenye dokezo?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Alisema watalitazama baadaye, na naamini alikusudia hivyo.

Siku ya hamsini na nane nilipewa heshima ya kupeleka hati mahakamani. Karani aligonga mihuri, akanipa nakala. Jaji alitia saini siku mbili baadaye chumbani kwake. Na kwa kuwa suluhu ilikuwa imara, yenye tarikimu na tarehe, wakili wa wakazi aliipima, akaona hakuna pa kuingilia, akafunga jalada. Kama ingebaki ile ya disketi, ya dola 60,000, huenda wangepenya, kama wenzao wa South Carolina. Mimi niliifanya adhabu iwe kubwa, na kwa kazi ile ile nikaukaza mlango. Mambo hayo mawili nimejaribu kuyatenganisha kwa miaka zaidi ya ishirini na sijaweza.

Ile kesi ya Laidlaw yenyewe haikuishia hapo. Julai hiyo hiyo Mahakama ya Rufaa iliwatoa raia kwa hoja nyingine kabisa, kwamba kampuni imekwisha kujirekebisha. Kisha tarehe 12 Januari 2000 Mahakama Kuu ya Marekani ikatengua uamuzi huo kwa majaji saba dhidi ya wawili. Niliisoma nikiwa mwaka wa mwisho, nikaisoma tena nilipokuwa nafungasha kurudi nyumbani. Nyumbani nako baadaye tulipata sheria yetu, ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na nafasi ya kwenda mahakamani kuidai. Vijana wanaokuja kwangu wameikariri vifungu vyote.

Katika kiangazi cha 1999 mmoja wa wakaguzi, yule mzee wa chupa, aliniandikia kadi. Alisema mtambo umejengwa na tarakimu za Jumanne ni nzuri. Alisema pia kwamba wakazi wameandika tena, habari ya Jumamosi.

Jioni ya siku ile niliyopeleka hati nilikuwa nimenunua kadi ya simu, nikampigia Mama kwa jirani aliyekuwa na simu. Nilingoja akiitwa, nikisikia kuku na redio. Nilikuwa na furaha ya kweli, sitaki kudanganya. Nilimweleza kwamba tumeishinda kampuni iliyokuwa ikimwaga sumu mtoni, kwamba hesabu ilikuwa yangu, kwamba watalipa dola laki moja na sitini na tano elfu. Alishukuru Mungu. Akaniuliza kama ninakula. Kisha akauliza kitu ambacho kwake kilikuwa cha kawaida tu, maana alijua kesi ikoje.

"Na wale watu wa pale mtoni, mwanangu, walikaa benchi lipi?"

Nilimwambia hapakuwa na mtu. Alidhani simu imekatika vibaya, akauliza tena.